Asubuhi Tisa za Don Arcesio

Benchi letu liko mtaa wa Chipre, Manizales, mbele ya duka la kufuli lililofungwa. Saa mbili asubuhi doña Fabiola huja na chupa zake za kahawa, na sisi huwa tumeshafika: Antena, fundi redio mstaafu; Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi; don Arcesio; na mimi. Jumatano ile alikuwapo pia Yadira, mpwa wa Fabiola, na kompyuta yake mapajani. Yeye huchora sura za programu za simu: kitufe kikae wapi, kiwe na ukubwa gani, kabla mafundi hawajaunda programu yenyewe. Siku tisa kabla alikuwa amemwekea don Arcesio mchoro kwenye simu aujaribu. Programu yenyewe ni hivi: mzee anayeishi peke yake anabonyeza duara asubuhi; mwanawe aliye mbali anajua baba ameamka salama.

— Nabonyeza kila siku, mwanangu, — don Arcesio alimwambia. — Saa kumi na mbili kamili. Linakuwa kijani. Gloria, binti yangu kule Antofagasta, Chile, sasa ametulia.

Yadira aliweka kikombe chini.

— Kila siku? Nilisema mara moja tu, nione kama kidole kinafika.

— Mara moja? Kwani mimi naamka mara moja?

— Don Arcesio, ule ni mchoro. Hugeuka kijani tu; hauendi popote. Gloria hajapata kitu.

Antena ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Usimtishe mzee. Kijani kile ni umeme, na umeme haukai. Lazima umetoka.

— Umetoka kwenda wapi? — Wakili aliuliza.

— Mlimani. Unagonga volkano ile juu ya mji, unarudi. Redio zangu zilikuwa hivyo hivyo.

— Redio zako hazikuwahi kurudi hata kwa wenyewe! Sikiliza sheria. Ukibonyeza kwa nia njema, umetuma. Salamu zote tisa ziko ofisini Chile, zinamsubiri Gloria azidai.

— Ofisi gani?

— Wale wana ofisi ya kila kitu.

— Basi zitamfikia kwa mkupuo, — Antena alisema. — Simu ilie mara tisa, adhani baba kaoa wake tisa!

Don Arcesio alicheka nasi. Simu hakuiweka mfukoni.

— Nisamehe, — Yadira alimwambia. — Kesho saa sita nawakabidhi mafundi mchoro. Wakishaunda programu, itatuma kweli. Ila nikishakabidhi, sibadilishi tena.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri basi, ambaye hatukumjua, alirudisha kikombe kwa Fabiola.

— Samahanini. Binti akishapata, baba anajuaje?

Yadira aliigeuza kompyuta, na sote tukatazama. Palikuwa na duara, basi. Asubuhi tisa don Arcesio hakupata jibu wala hakulalamika. Kwenye mchoro hapakuwa na pa kulisubiria.

Yadira alichora kisanduku cha jibu la Gloria chini ya duara, akakivuta kwenye kona. Kikapanuka, kingo zikabaki safi.

— Kiwe kikubwa kiasi gani, don Arcesio?

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

— Kidogo tu, mwanangu. Gloria si mtu wa maneno mengi.

Yadira akaanza kukipunguza. Don Arcesio akamshika mkono.

— Hapo, hapo. Usikipunguze tena.