Leso za Mama Tochi

Jioni ya Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 2022, Bi. Kavata Nthiwa atazima tochi yake na kustaafu, baada ya kuwaonyesha watu viti gizani hapa Sinema Zumaridi kwa miaka thelathini na mitano. Nimeombwa niandike wasifu wake kwenye ratiba ya sherehe. Sababu niliyopewa ni kwamba mimi, Zadock wa bisi, nimesimama hatua chache kutoka mlangoni pake kwa zaidi ya miaka ishirini, na eti hakuna linalonipita. Sababu ya kweli ni kwamba Gichuru wa mitambo alikataa.

Bi. Kavata, ambaye nusu ya jiji humwita Mama Tochi, alikuja hapa Septemba 1987 kufagia ukumbi kwa wiki mbili tu. Mwenye tochi wa wakati huo alikwenda kwao mazishini akachelewa kurudi, na marehemu Mzee Bhanu, mwenye sinema, akampa Kavata tochi kwa jioni moja. Jioni hiyo ndiyo inayoisha Ijumaa.

Sheria yake aliitunga mwenyewe wiki ya kwanza: mwanga ni wa miguu. Hakuna kummulika mtu usoni, hata akiwa amelala, hata akiwa ameegemea bega asilopaswa kuliegemea. Alikuwa akituambia, "Uso wa mtu ni wake. Mimi kazi yangu ni asijikwae." Wapenzi wa jiji hili wana deni kwake ambalo hawawezi kulilipa bila kujitaja. Kuna hata mchungaji mmoja wa kule Satellite, anakoishi Mama Tochi, aliyezoea kukemea sinema kila Jumapili. Alhamisi moja alasiri aliingia hapa na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Mama Tochi alimpeleka kiti cha nyuma ya nguzo na hakusema neno, miaka na miaka. Tulijua habari hiyo kwa sababu mchungaji mwenyewe alijisahau mimbarini, akasimulia filamu nzima kama mfano wa majaribu, pamoja na namna ilivyoisha.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Kwetu filamu haianzi kabla ya wimbo wa taifa, na wimbo ukipigwa, watu husimama. Siku moja bwana mmoja wa suti alibaki kitini akibonyeza simu. Mama Tochi alimsogelea. Alimulika viatu vyake tu, akaushikilia mwanga hapohapo, mpaka safu nzima ikageuka kuviangalia viatu vile. Bwana akasimama. Ubeti uliofuata aliuimba kwa sauti, tena vizuri.

Udhaifu wake ulikuwa Jumapili, siku ya filamu za Kihindi, ambapo Bi. Kajal na mumewe, Bwana Aman, walikuja kutoka Westlands na ukoo wao kujaza safu ya sita. Chakula cha kutoka nyumbani ni marufuku ukumbini, na tangazo liko ukutani kwa lugha mbili. Lakini mkoba wa Bi. Kajal ulinukia kachori tangu mlangoni. Nikimlalamikia Mama Tochi, jibu lake lilikuwa moja: pua yake huziba Jumapili. Aliyekuwa akipoteza biashara ni mimi, na ninataka jambo hilo liingie kwenye kumbukumbu za kampuni. Ukweli ni kwamba kachori moja ilinifikia kila wiki, imefungwa kwenye karatasi, na sikuwahi kuirudisha.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemwona Mama Tochi ameketi ukumbini. Tulimwuliza mara nyingi kwa nini asipumzike kidogo filamu ikishaanza. "Nikikaa nitaitazama," alisema. "Nikiitazama, nyinyi mtatazamwa na nani?"

Alipaswa kustaafu Juni 2020. Keki ilikuwa imeshajadiliwa hadi rangi. Machi ikaja korona, serikali ikafunga kumbi zote, na Bwana Navin, mtoto wa Mzee Bhanu ambaye sasa ndiye mwenye sinema, akapendekeza tumuage Mama Tochi kwa simu ya video, kila mtu akiwa kwake. Alikataa katakata. Alisema mtu huagwa nyumbani kwake, na nyumba yake imefungwa. Angengoja ifunguliwe, ijae, ndipo aondoke. Bwana Navin alimkumbusha kwamba hakuna ajuaye itafunguliwa lini. Akajibiwa kwamba hata yeye hana haraka.

Kumbe hakuwa akingoja amekunja mikono. Kila Jumanne alikuja mjini na barakoa yake, akafunguliwa mlango na askari, akapita safu kwa safu akivikunjua viti na kuvikunja ili bawaba zisishike kutu na panya wasipate makao. Gichuru naye alikuja kuwasha mitambo, maana mitambo isiyowashwa hufa. Na mitambo yetu ikiwashwa, kitu cha kwanza kutoka ni wimbo wa taifa. Gichuru, ambaye si mtu wa kusifia watu, alinieleza alivyochungulia kwenye kidirisha chake juu akamwona Mama Tochi chini, peke yake kati ya viti vitupu, amesimama wima, mikono ubavuni, mpaka wimbo ukaisha. Gichuru akasimama pia. Aliniambia alilia, na akaniomba nisimwambie mtu.

Tuliporuhusiwa kufungua mwishoni mwa mwaka ule, hatukutambua ukumbi wetu. Kanuni zilitaka kila mtu akae na kiti kitupu kando yake, kwa hiyo ofisi ilinunua utepe wa manjano na mweusi na kuvifunga viti vilivyokatazwa. Ungedhani pametokea ajali mbaya. Wateja wachache waliothubutu kuja walikaa wamejikunyata, mtu akipiga chafya wote wanageuka, na wakati wa mapumziko nusu yao walikwenda zao moja kwa moja. Wengine hawakuja kabisa. Walishazoea kutazama filamu kitandani, kwenye simu, na bisi wakijikaangia wenyewe. Zilikuwa siku za huzuni, na mashine yangu ilikuwa baridi.

Bwana Navin alituita wote ukumbini akatuambia bila kuzunguka. Kuna mfanyabiashara aliyetaka kuuchukua ukumbi na kuukatakata uwe vibanda vya nguo. Yeye asingependa kuuza kazi ya baba yake, lakini hawezi kuwasha taa kwa ajili ya viti vitupu. Alitupa mpaka mwisho wa Desemba. Viti vinavyoruhusiwa vikijaa hata mara moja tu, angemwambia yule bwana atafute kwingine. Visipojaa, basi. Tulitoka pale. Mama Tochi peke yake alibaki nyuma, anauangalia ule utepe.

Siku iliyofuata utepe wote ulikuwa kwenye pipa la taka, na kila kiti kilichokatazwa katika safu tatu za katikati kilikuwa kimevishwa leso yenye maneno. Zilikuwa zake mwenyewe, za harusi, za ubatizo, za zawadi, za tangu ujana. Gichuru aliangalia akasema sasa tumekuwa kamba ya kuanikia nguo. Lakini wateja wa jioni ile walisimama mlangoni wakaangalia, na mabega yao yakaanza kutikisika. Kwa barakoa huoni mtu akicheka, unaona mabega. Wakaanza kusomeana maneno ya leso kwa sauti na kuchagua majirani. Mama mmoja aliwapita wote akaenda kukaa kando ya "Wema hauozi". Vijana wawili walisukumana, kila mmoja akimtaka mwenzake akae karibu na "Usisafirie nyota ya mwenzio".

Mpango ulikuwa na kasoro moja. Katikati kabisa ya ukumbi, pale pazuri kuliko pote, Mama Tochi alikuwa ametandika leso nyekundu aliyoipenda kuliko zote, iliyoandikwa "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki". Mwaka wa korona, jamani! Watu walifika pale, wakasoma, wakarudi nyuma polepole. Kwa siku tatu sehemu ile ilibaki jangwa, na Mama Tochi hakuelewa kwa nini mpaka nilipomwambia. Alicheka hadi akashika nguzo. Akaigeuza leso ndani nje, na viti vikapata watu.

Tatizo ni kwamba leso zake zilikwisha kabla ya viti. Akaenda kwa wenzake wa chama cha akiba kule Satellite, kwa mwenyekiti wao Bi. Waringa, akaomba kila mwanachama amwazime leso mbili au tatu. Walimpa bila maswali, maana walidhani ni za kufunika viti tu. Sharti lake alilitaja mwishoni, leso zikiwa zimeshaingia begini. Kila mwenye leso angekuja kuichukua mwenyewe, Jumapili ya baada ya Krismasi, maonyesho ya saa nane mchana. Na haitafunguliwa kitini kabla filamu haijaisha. Bi. Waringa alilalamika kwamba huo ni utekaji nyara. Mama Tochi akamwambia alete na watoto wake waje kumkomboa mateka.

Kisha akaenda Westlands. Bi. Kajal hakuwa ametoka nje ya geti tangu Agosti, ugonjwa ulipomchukua Bwana Aman, na mazishi yale hatukuruhusiwa kwenda. Mama Tochi alisimama barabarani, Bi. Kajal upande wa pili wa geti, wakasalimiana kwa kupaza sauti. Bi. Kajal alisema hawezi kuja, kwani angekaa na nani? Mama Tochi akamjibu kwamba angekaa palepale pake, safu ya sita. Kiti cha kando yake sheria inakataza kukaliwa, na hicho ni cha Bwana Aman, kimeshawekwa.

Jumapili ile saa saba na nusu nilikuwa nimekaanga bisi za kutosha watu kumi, kwa hofu ya hasara. Wakaja wanawake wa Satellite. Walikuja na waume, na dada, na mawifi, kila mmoja akiingia anaitafuta leso yake, akiiona anapiga kelele na kukaa kando yake kama anayelinda mzigo stendi. Ukaja ukoo wa Westlands. Wakaja hata watu wa barabarani tu, waliosikia kicheko mpaka Barabara ya Tom Mboya wakataka kujua kuna nini. Bisi ziliisha, nikarudi mashineni kukaanga nyingine.

Bi. Kajal alifika mwishoni. Mama Tochi alimtangulia, mwanga ukiwa miguuni, hadi safu ya sita. Kiti cha Bwana Aman kilikuwa na leso, lakini Bi. Kajal alitoa kwenye mkoba sari yake ya kijani, akaomba ruhusa kwa macho, akakitandika mwenyewe. Wimbo wa taifa ulipoanza, alisimama ameweka mkono juu ya kile kiti. Niliona kwa sababu nilikuwa nimeliacha dirisha langu nikasogea mlangoni. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

Bwana Navin alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na Mama Tochi. Wimbo ulipoisha watu wote waliketi, naye akaangaza huku na huku atafute pa kukaa. Hapakuwa na kiti. Akatazama filamu nzima kwa miguu yake, kando ya mwajiriwa wake, na barakoa yake ilikuwa imelowa kabla hata ya mapumziko. Kesho yake alimpigia simu yule bwana wa vibanda. Wanawake wa Satellite walichukua leso zao jioni ileile, na wengi walizirudisha wenyewe wiki iliyofuata.

Tulifungwa tena mwaka 2021 na tukafunguliwa tena. Kafyu ikaja, ikasogezwa, ikaondoka. Machi mwaka huu hata barakoa ziliondolewa, na siku hizi kiti chochote ni ruhusa kukaliwa. Wateja wa Jumapili bado wanauliza leso ziko wapi, kwa hiyo tunatandika chache. Nyumba imefunguliwa, nyumba imejaa. Mama Tochi alituambia alingoja hilo tu.

Kwa niaba ya Bwana Navin, Gichuru na wote wa Zumaridi: asante, Mama, kwa kila mguu ambao haukujikwaa, na kwa ukumbi huu ambao bado ni ukumbi. Tunakuombea miaka mirefu kule Satellite, magoti yasiyouma, chama kisicho na ugomvi, na Jumapili nyingi za kuja hapa kama mteja. Kama mteja, kumbuka, kachori ni marufuku. Pua yangu haizibi.

Jambo la mwisho. Ijumaa utakapoingia ukumbini utaona viti vyote vina watu isipokuwa kimoja, katikati kabisa, pale pazuri kuliko pote. Tumekivisha ile leso nyekundu, upande wa maneno ukiwa juu, na safari hii hakuna aliyekimbia. Bi. Kajal yuko kulia na Bi. Waringa kushoto. Wimbo wa taifa ukiisha, Mama Kavata, mkabidhi Gichuru tochi, uikunje ile leso uiweke mapajani.

Halafu ukae.