Kijiko Kilichokwama Njiani

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, na liko kwenye kona ambapo ukuta wa kinyozi unakutana na meza ya Mama Birika, mwanamke anayewamiminia watu kahawa huku akiwasoma mpaka ndani. Saa kumi na moja jioni, jua likishalegea, utawakuta wenyewe wamejipanga. Wa kwanza ni Wakili. Huyo ni kinyozi, hajasoma sheria hata ukurasa mmoja, ila anabishana na wembe ukiwa shingoni mwa mteja, sasa nani amshinde? Wa pili ni Shemeji, fundi baiskeli, ambaye humwita kila mtu shemeji kwa matumaini kwamba mmoja wao ana dada. Na katikati, pale benchi linapobonyea, ndipo kiti cha enzi cha Pasipoti. Mchana anashona magodoro, jioni anasafiri. Amepita milima, majangwa, na mji mmoja ambao mbwa wake hawabweki kabla ya saa tatu asubuhi. Kijiwe kizima kinazijua safari zake. Kisichojua ni kwamba Pasipoti hajawahi kuvuka kituo cha mwisho cha basi. Chumba cha pili yake anakaa mzee mmoja aliyeendesha lori miaka thelathini, na mkewe hasikii vizuri, kwa hiyo kila usiku wakila, mzee humsimulia mkewe safari zake kwa sauti ya kuamsha mtaa. Pasipoti anabandika sikio ukutani, na kesho yake anatoka amevaa safari ya mwenzake kama shati la kuazima.

— Mimi nakwenda kwa mwenye nyumba — Wakili alisema siku hiyo, akitua kikombe kwa kishindo. — Siku tatu sijalala! Yule mzee wa chini yangu amezidi.

— Kelele tena? — Shemeji akauliza.

— Kelele gani! Amenyamaza.

Kijiwe kikaipima kesi hiyo.

— Shemeji yangu, unamshitaki mtu kwa kunyamaza?

— Namshitaki! Mwaka wa nne huu nalala juu ya sauti yake. Maneno siyapati, napata mngurumo tu, kama gari linapanda mlima polepole, na mimi niko nyuma juu ya magunia, nimejifunika turubai. Napitiwa na usingizi kabla halijafika kileleni. Sasa gari limezimwa. Nalala macho makavu. Nasikia saa ya ukutani. Nasikia kucha zangu zinaota.

— Kucha hazina sauti.

— Hujawahi kukosa jirani wewe.

Pasipoti akachungulia ndani ya kikombe chake. Kimya hicho alikijua kuliko Wakili. Siku tatu mfululizo, usiku, alikuwa amekandamiza sikio ukutani na kuambulia mlio wa kijiko kikitulizwa mezani, basi.

— Mwache mzee wa watu — Shemeji akasema, akamgeukia Pasipoti. — Mwenye kesi ni huyu hapa. Pasipoti, siku tatu umetuacha na kijiko hewani. Tumalizie supu!

Pasipoti akaipuliza kahawa iliyokwisha kupoa, apate muda. Maana safari yenyewe ilikuwa tamu, na alikuwa ameisimulia kwa mbwembwe zote. Lori limepakia vioo, vioo vya kabati, vioo vya saluni, vimefungwa kamba na kutandikiwa majani makavu. Linapanda mlima alfajiri. Ukungu unashuka, unaingia nyuma ya lori, unajiona kwenye vioo, unadhani umepata ndugu zake, unaita na wengine. Njia inapotea. Taa zinamulika weupe mtupu. Halafu mbele, kijitaa kimoja, kibanda, mwanamke, sufuria. Mwanamke hasemi neno. Anakoroga, anachota, anakung'utia kitu kutoka kwenye kopo lililopondeka, anakusogezea bakuli. Unashika kijiko. Unakipeleka mdomoni.

Na hapo ndipo mzee aliponyamaza. Mwizi naye akakwama hapo hapo.

— Ile supu ni ndefu — Pasipoti akasema. — Haielezwi mbio mbio.

— Ilikuwa ya nyama?

— Nyama ilikuwepo, na haikuwepo.

— Shemeji, nyama haina tabia hiyo.

— Ya kule ukunguni inayo. Wewe umefika wapi? Umefika kwa wauza spoku za baiskeli!

— Na kwenye kopo mlikuwa na nini? — akauliza Mama Birika, bila kuinua macho.

— Mama, sisi wasafiri hatuchokonoi makopo ya watu.

— Na hilo sikio lako lina nini? Limekuwa jeupe.

Pasipoti akalisugua begani. — Vumbi la magodoro.

— Magodoro siku hizi yanatoa chokaa?

— Wakili! — Pasipoti akapaza sauti. — Kesi yako umeiacha njiani! Mzee amenyamaza kwa nini?

Wakili hajawahi kukataa kuulizwa. Akajiweka sawa.

— Wamegombana. Wanasemeshana kwa vidole. Juzi nimeona kivuli cha mkono dirishani, kimekasirika kweli kweli.

— Hapana — akasema Shemeji. — Sauti ni kama upepo wa tairi. Unazaliwa umejazwa, kila neno linapunguza. Yule mzee amepiga kelele maisha yake yote, sasa anatembelea rimu.

— Ingekuwa hivyo, wewe ungekuwa bubu tangu mwaka juzi.

— Mimi nina pampu.

— Au ni zile kuta — Wakili akashusha sauti, na wote wakainama bila kutaka. — Miaka yote anazimiminia maneno. Zinanyonya, zinavimba. Sasa zimejaa pomoni, na mzee ameogopa. Siku moja mtu ataegemea tu, masikini, na ukuta utamtapikia hadithi ya mtu mwingine, nzima nzima!

Kahawa ikampanda Pasipoti puani.

— Kuta hazisemi! — akakohoa.

— Umejuaje?

Pasipoti akalisugua sikio tena. Kwenye dirisha moja la juu, mtu alikuwa ameanza kukaanga vitunguu, na harufu ikashuka taratibu, ikapita juu ya benchi, ikawalegeza wote. Mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya chai nyepesi.

— Mimi nimeiota hiyo supu — Shemeji akasema, polepole, kama anaongea na mtu mwingine. — Nimeota niko ndani ya kioo kimoja cha lile lori. Naona mlima unapita kinyumenyume.

— Mimi nilikuwa kwenye magunia, kama kawaida — Wakili akasema. — Harufu nimeipata. Bakuli sikulifikia.

— Na wewe, Mama?

Mama Birika akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

— Mimi nilikuwa ndiye mwanamke wa sufuria.

— Ehe! Na kwenye kopo?

— Niliamka kabla sijalifungua.

Wakacheka, lakini kicheko cha chini chini, cha watu wasiotaka kuamka. Hapo ndipo walipomwona yule mzee jirani yake Wakili anakuja. Kofia ya kazini imefifia, mwendo wa mtu anayekagua matairi, na mfuko wa shati umetokeza kijiko. Alipofika, kwanza aligonga lile tofali la benchi kwa ncha ya kiatu. Aliporidhika, akainua kichwa.

— Shikamoo, mzee — wakasema kwa pamoja. Wakili ndiye aliyeinamisha kichwa zaidi.

— Marahaba, wanangu. Nimeambiwa hapa kuna kijana amefika kule juu. Kwenye ukungu, kwa yule mama mwenye sufuria.

— Huyu hapa! — Wakili akampiga Pasipoti mgongoni kwa fahari. — Amefika na amekula!

Mzee akaketi karibu naye, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na ndugu stendi.

— Afadhali. Tangu niache usukani sijapata mtu aliyefika pale. Mke wangu, wakati mimi niko njiani, yeye alikuwa hapa analea. Hakuona kitu. Sasa namsafirisha kwa mdomo, kila usiku kidogo. Usiku ule tulipofika kwenye bakuli, akanishika mkono, akaninong'oneza swali. Jibu nimelisahau. Nikijaribu kuondoa gari nimpeleke pengine, anatikisa kichwa. Anataka tusubiri pale pale. Siku tatu tumekaa kwenye ukungu.

Akamgeukia Pasipoti.

— Mwanangu, ile supu ilikuwa na ladha gani?

Uongo wa namna tatu ulimfikia Pasipoti ulimini kwa wakati mmoja, kila mmoja umechana nywele. Pilipili. Ndimu. Moshi wa kuni. Angechagua wowote, benchi lingepiga makofi. Lakini uongo wa kijiweni huishia kijiweni. Huu ungepanda ngazi, ungeingia mdomoni mwa bibi aliyengoja maisha yake yote, naye angeumeza.

— Sijui, mzee — akasema. — Sijafika.

— Shemeji! — Shemeji akasema, kama mtu aliyeibiwa baiskeli.

Mzee hakukasirika. Alilitazama lile sikio, akapitisha kidole gumba juu yake, akakitazama kidole. Cheupe.

— Kumbe ni wewe. Nilikuwa nasikia kitu kinapumua ukutani. Nikamwambia mwenzangu, nyumba hii ina panya mnene.

— Nisamehe, baba.

— Kwa hiyo lori zima tulikuwa nawe.

— Nilikuwemo.

— Basi kijiko kilipofika mdomoni, wewe ulionja nini?

Pasipoti akafumba macho. Wakili naye akafumba. Shemeji, ambaye alikuwa bado amenuna, akafumba pia. Harufu ya vitunguu ilipita, ikarudi. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Tone moja likaanguka, halafu hakuna, na yeye akabaki ameliinamisha hivyo hivyo. Pasipoti, mwenye mdomo ule, akatafuna hewa, akatikisa kichwa.

Mwishowe mzee akatoa kijiko mfukoni, akamkabidhi.

— Njoo ule nasi. Upande wetu wa ukuta kuna kiti. Huenda watatu tukaipata.

Pasipoti akainuka, amekishika kijiko kwa mikono miwili kama kimejaa. Walikuwa wamefika katikati ya barabara Wakili aliposimama juu ya benchi, likayumba kwenye tofali lake.

— Mzee! — akaita. — Kwa sauti, tafadhali!