Waliozaliwa Januari Mosi

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa seremala na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1978, na mwaka 1980 akapata cheti cha utunzaji wa kumbukumbu za hospitali.

Mwaka 1981 aliajiriwa masjala ya hospitali ya wilaya, chumba chenye dirisha moja na rafu hadi darini. Alikaa humo miaka arobaini. Wagonjwa walimwita Bi Faili. Baba, fundi umeme, alifika dirishani mara nne katika mwezi mmoja kuulizia faili lake.

"Kaka, wewe huumwi," Mama alimwambia.

"Naumwa, ila si ugonjwa wa kuandikwa humo."

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 mafaili yalihamishiwa kwenye kompyuta. Kompyuta haikukubali tarehe ya kuzaliwa iachwe wazi, na wagonjwa wengi hawakuijua yao. Mama na wenzake wakawaandikia wote Januari mosi, kazi ikasonga. Mwaka 2018 kumbukumbu za hospitali zote ziliunganishwa katika kanzidata moja. Watu wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, mfumo ukawafanya mtu mmoja.

Muuguzi wa wodi ya wazazi ndiye aliyempigia Mama simu. "Dada, faili la huyu mama linasema damu yake kundi A. Nimempima sasa hivi, ni O. Nilikuwa nimeshatundika mfuko."

Tangu siku hiyo Mama aliishi na hofu, wala hakuificha. Simu ikilia, aliuliza kwanza ni wodi gani. Huyo mmoja alikuwa amepimwa. Mama hakuwahi kujua ni nani mwingine hakupimwa. Alikuta mafaili 1,140 yaliyochanganywa, akayatenganisha moja moja, akiwapigia watu simu kuuliza jina la mama mzazi, makovu, idadi ya watoto. Alipostaafu mwaka 2021 aliendelea kwenda.

Februari 2024 figo zake zilianza kushindwa. Wodini, kila dawa ilipoletwa, alisema, "Mwanangu, iache hiyo skrini. Niulize mimi."

Siku tatu kabla ya kufariki alimuuliza dada yetu mkubwa, aliyekuwa amemrithi kazi ya mafaili hayo, "Wamebaki wangapi?"

"Sitini na mmoja, Mama."

"Hunidanganyi?"

"Sikudanganyi."

"Basi watangazieni siku ya kunizika. Watu watakuwa wengi."

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja.

Hao sitini na mmoja, simu zao hazipatikani, na huenda baadhi wamesimama hapa. Kama ulitibiwa katika hospitali yetu na kadi yako inasema Januari mosi, usiondoke kabla ya kuonana na dada yetu mkubwa; yupo langoni na daftari. Na ukitakiwa kuwekewa damu kabla faili lako halijatenganishwa, kataa mpaka wakupime upya.

Mungu ampumzishe Mama. Hofu yake ametuachia sisi.