Shangazi na Mkia wa Mkorofi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya seli, mtafiti mkuu anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Sote tunamwita Shangazi, maana anakaripia kishangazi na kubembeleza kishangazi. Jamani, hatujajiandaa!

Alikuja moja kwa moja kutoka chuoni, akapewa kona kando ya friji inayonguruma, na swali moja: ni nini kinachomzima Mkorofi? Mkorofi ni kimeng'enya kinachopitisha amri ndani ya seli kwamba igawanyike. Seli yenye afya humwasha na kumzima. Asipozimika, seli huzaliana ovyo, na hapo ndipo saratani inapoingia.

Shangazi alizisemesha sahani za seli kila asubuhi, na aliyefungua kabati la joto la kukuzia seli bila sababu alikiona cha mtema kuni, awe profesa au mgeni.

Sifa yake kubwa ilikuwa kumsafisha Mkorofi, yaani kumtenga na vitu vingine vya seli ili achunguzwe peke yake. Kimeng'enya hiki kina mkia mrefu unaoning'inia na kuvuruga majaribio, hivyo Shangazi aliukata. Maabara nyingi zikamwiga, naye akapewa tuzo.

Mwaka jana, akiwa tayari anaagaaga, zikaja sampuli za wagonjwa wa saratani. Mkorofi wao hakuwa na mkia! Tukatazamana. Kama mkia ndio breki, basi miaka yote hiyo tulikuwa tunaing'oa wenyewe kisha tunauliza mbona gari halisimami. Shangazi angeweza kustaafu na tuzo yake, jaribio la kuthibitisha hilo akawaachia wengine. Wapi! Alitengeneza Mkorofi mzima, mkia na vyote, akamtia ndani ya seli kwa mkono wake.

Siku ya majibu alikataa kukaa. Mkorofi mwenye mkia alikuwa ametulia tuli: mkia umejikunja na kumziba mdomo. Amri ikija, mkia unaachia; kazi ikiisha, unarudi. Shangazi alipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio. Akacheka, akalia, akatutangazia kwamba amekosea maisha yake yote ya kazi na hajawahi kufurahi namna hii.

Makala inayosahihisha kazi yake ya zamani imetoka wiki hii, na jina la kwanza kati ya waandishi ni lake. Asante, Shangazi, kwa ukali wako na kwa kutokuogopa kukosea mbele yetu. Tunakuombea afya tele, usingizi mtamu na siku ndefu za furaha. Wagonjwa wanasubiri breki, na sasa tunajua ilipo.