Chuma Katikati ya Fimbo

Mmo humu basini, mmeinamia simu. Hata siku ile fundi viatu alipomwekea mwalimu soli asiyoiagiza mlinyamaza hivyo hivyo; sijasahau.

Mshonaji anaenda kwenye fainali ya pool, fimbo yake ya vipande viwili mapajani, akakuta fundi aliyeichonga kaketi mbele yake. "Fundi, nilikuagiza kiungio cha mbao kwa mbao. Hiki chuma kimetoka wapi?" Fundi akacheka. "Dada yangu, chuma ndicho imara. Wateja wote wanakitaka." "Mimi ndiye wateja wote? Kwa mbao, nikigonga tu, mkono unaniambia nimekosea kabla mpira haujafika. Sasa mkono kiziwi, na fimbo nzito mbele kama nyundo!" "Utazoea." "Ndani ya saa mbili zilizobaki? Kwani wewe umewahi kucheza?" "Mchonga majeneza naye amewahi kulala ndani?" "Ndiyo maana wateja wake hawarudi kulalamika. Mimi ni mzima, fundi!"

Basi limesimama. Fundi anainuka kama hajasikia. Karakana yake iko pale pale kituoni, na kiungio cha mbao hakimalizi saa nzima. Wewe uliyekaa mlangoni, weka simu chini. Usimpishe fundi mpaka akubali kushuka na mshonaji akambadilishie kiungio.