Toba Isiyofika Nyumbani

Annick alikuwa anarudi nyumbani mtaa wa Malvern kutoka saluni anakofanya kazi, miguu imemvimba kwa kusimama kutwa, na ndani ya teksi, basi dogo la abiria, alitaka kusinzia tu. Lakini nyuma yake walikaa watu wawili waliokuwa wametoka kufahamiana kwenye foleni: Ignace, mlinzi Mkongomani, na mama Mrundi aitwaye Gaudence.

"Mama, nimechoka kutubu," Ignace alisema. "Kila Jumapili dhambi ni ileile. Namfokea mtoto wangu, namtukana mpaka anatetemeka. Nalia kanisani, natoka mwepesi, Jumatatu naanza tena. Huko ndiko kukua kiroho?"

"Zamani ulikuwa unalia?"

"Hapana. Nilikuwa nasema ni malezi."

"Basi umekua kidogo. Na mtoto mwenyewe umemwomba msamaha?"

Ignace alicheka kwa uchovu. "Nimemwomba Mungu, mama. Mtoto atanidharau."

"Akisikia unafungua mlango, anafanya nini?"

"Anaingia chumbani."

Hapo Annick alifumbua macho. Usingizi ulikuwa umekwisha.

"Baada ya roboti!" Ignace alimpazia sauti dereva walipokaribia taa za barabarani. Teksi ilisimama Jules Street, lakini yeye aling'ang'ania mlangoni, abiria wakiguna. "Nitaanzaje, mama? Kiswahili anasikia tu, ananijibu Kiingereza."

"Kama anasikia, mwambie."

"Eish," alisema Ignace. Alishuka, akasimama kando ya barabara, bado hajageukia upande wa kwake.