Mkono Usiorithiwa

Zimeni redio, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu sasa inaishia hapa kwenye shuka na sina nguvu ya kurudia neno. Wewe kifungua mimba, kaa upande wa dirisha; wewe wa pili, mpe mama yenu mto aegemee; na wewe kitinda mimba, usijifiche nyuma ya mlango, njoo hapa miguuni pangu nikuone, kwa sababu mengi ya leo ni yako.

Ya mali nayamaliza haraka. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakapofumba macho, na asitokee mtu kumshauri ahamie chumba cha nyuma eti nyumba nzima ni kubwa kwa mtu mmoja. Karakana ya makochi, na ile cherehani nzito, na mbao zote, ni vya kifungua mimba aliyepigilia misumari pamoja nami tangu hajaota ndevu. Wa pili amesema mwenyewe hataki kitu ila saa ya ukutani, basi mpeni, ingawa haitembei.

Sasa mkono wangu. Nilianguka kutoka ukutani nikiwa mtoto, ukafungwa plasta vibaya, na plasta ilipotolewa kiwiko kilikuwa kimeganda hivi hivi mnavyokiona, hakinyooki wala hakizidi kukunjika. Shuleni walinicheka. Kwenye kriketi wakaniogopa, kwa sababu mpira ulitoka vidoleni mwangu ukizunguka, ukigusa ardhi unakata kona, na mpigaji hajui aelekee wapi. Wakaniita Mundu. Nikacheza mechi za siku moja, zile ambazo kila mrushaji hupewa ova zake za mipira sita sita, zikiisha zimeisha, na msidhani nilikuwa mtu mkubwa: warushaji wa kasi walianza na mpira mpya na kumaliza watu wamesimama, mimi nikapewa ova za katikati, watazamaji wamekwenda kununua soda. Kazi yangu ilikuwa kubana, wapigaji wasipate mikimbio ya kuongeza alama, wachoke, wakosee kwa hasira zao wenyewe. Kazi hiyo haina makofi. Mechi yangu ya mwisho waliipiga mipira yangu nje ya uwanja mmoja baada ya mwingine, kepteni akauchukua mpira mkononi mwangu bila kunitazama usoni, na timu nzima haikunitafuta tena. Niliumia, wanangu, na mpaka leo naumia.

Mnajua kriketi hairuhusu mrushaji kukunjua kiwiko anapouachia mpira, maana hapo anautupa kama jiwe. Mkono wangu watu wa chama cha kriketi waliupima, wakauvuta, wakaona haukunjuki hata kwa dawa, wakaniacha nicheze. Nilikuwa halali kwa sababu ya kilema changu. Na huyu kitinda mimba alijifunza kwa kunitazama. Alirusha uani hapo, kwenye ukuta wa jikoni, mpaka chokaa ikabanduka, naye akainua mkono umepinda kama wangu, akidhani kupinda ndio ufundi wenyewe. Sote tukafurahi. Tukamwita Kimundu, mama yenu akaita majirani waje waone. Lakini kiwiko chake ni kizima, na kiwiko kizima ukikikunja kisha ukauzungusha mkono kwa nguvu, kitakunjuka tu. Ndipo mwamuzi akasimamisha mchezo mbele ya umati ule, akasema binti anatupa, na chama kikamwondoa uwanjani mpaka arekebishe mkono.

Mwamuzi mwenyewe ndiye yule kepteni wangu wa zamani, na najua mnayosema, kwamba chuki yake kwangu kaimalizia kwa mtoto. Kifungua mimba, wewe ulikwenda kusimama mlangoni kwake ukamtukana mbele ya wajukuu zake, wala hukuniuliza. Mtu yule simpendi, na kwa muda huu uliobaki sitawahi kumpenda, ila siku ile aliona sawasawa. Nilikuwa jukwaani, nikaona alichokiona. Akija kunizika apewe kiti na maji ya kunywa, na asiguswe.

Kocha alikuja hapa kitandani juzi, akaniambia nafasi ya kupimwa tena ipo, lakini wewe kitinda mimba umegoma kuingia mazoezini. Ulimwambia, "Mkono huu ni wa baba. Nikiunyoosha, nitabaki na nini chake?" Mama, binti yangu, maneno hayo yalinitoa machozi mbele ya mgeni. Mkono huu si urithi, ni ajali. Sijavaa shati hata siku moja bila mama yenu kunivutia mkono wake, na nilipokubeba ungali mchanga nilihofu utaniponyoka. Ukitaka kilicho changu, chukua namna ya kuushika mshono wa mpira, chukua ule ubishi wa kurudi kurusha umeshapigwa, maana hivyo nilivihangaikia mwenyewe. Kiwiko kiache kizikwe nami.

Sitakudanganya. Mkono ulionyooka utakuwa mgeni kwako, mpira utakataa kuzunguka, vitoto vitaipiga mipira yako vitakavyo, na huenda timu isikuite tena kamwe. Hilo ninalijua na linanikosesha raha. Lakini ukiacha mchezo kwa ajili yangu, nitakuwa nimemwachia kilema mtoto niliyemzaa mzima.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mazishi yawe asubuhi, msingoje mtu wa mbali. Mama yenu asilale peke yake. Mungu awafungulie pale nilipokwama mimi, awape afya ya kila kiungo, na mkikutana mezani mcheke, hata kiti changu kikiwa kitupu.

Kitinda mimba, simama. Huna mpira, haidhuru. Inua mkono, upite karibu na sikio... pole pole. Bado umepinda, mama. Utalia baadaye, sasa inua. Kifungua mimba, vuta pazia, simwoni vizuri... Zungusha. Nyoosha... zaidi... Hapo. Hapo hufanani na mimi hata kidogo. Rudia.